Hivi huu uadui wa polisi na raia hapa Dar ulianzia wapi? Nani alianza?

#1 Mpangaji wa Tabata

Wakuu, salaam. Nina jambo linanikereketa, tulijadili bila matusi.

Ninapopanga, chumba cha mwisho karibu na choo anakaa askari polisi. Kijana mpole, ana mke na mtoto mmoja. Anatoka alfajiri kavaa tisheti, gwanda liko kwenye begi la mgongoni, maana akipanda nalo daladala watu watanyamaza au wataanza kumsema kwa mafumbo. Jioni akirudi, kama uwani kulikuwa na stori, inakatika. Watu wanaanza kuongelea mvua. Mchango wa umeme wa LUKU ukipitishwa mama mwenye nyumba anamruka, na si kwa heshima, ni kukwepa mazoea.

Juzi kati wezi wakaingia, wakabeba TV na mtungi wa gesi wa jirani. Saa nane za usiku mlango wa kwanza kugongwa ukawa wa nani? Wa kwake.

Sasa siku moja nikamkuta barabarani yuko kazini. Kasimamisha boda, kachomoa ufunguo, anaongea kwa sauti ambayo nyumbani sijawahi kuisikia. Dogo anaomba, yeye hata usoni hamtazami. Madereva wa kijiweni wakaanza kusogea, honi juu ya honi, na hapo nikaona jasho linamtoka na mkono unakwenda kiunoni. Hakikutokea kitu, ufunguo ulirudishwa. Ila nilivyosimama pale nilikuwa nimeshachagua upande, na si wa jirani yangu.

Naomba wenye kujua watujuze: hii ya "sisi" na "wao" ni mafunzo, ni njaa, ni siasa, au na sisi raia tuna mkono wetu?

#2 Kijiko cha Chai

Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Mtoto wa Keko

Mkuu jibu ni jepesi, rushwa. Mtu anayekuona wewe ni elfu kumi inayotembea hawezi kukuona ndugu. Faini ya boda ilikuwa elfu thelathini, 2021 ikashushwa hadi elfu kumi, na bei ya "kuelewana" nayo ikashuka. Hapo kuna falsafa gani ya kutafuta?

#4 Mkongwe wa Ilala

Mtoto wa Keko umejibu mbiombio. Rushwa iko ardhi, iko hospitali, mbona nesi hatumwiti adui?

Turudi nyuma. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na Ujerumani kuja kuzima vita ya Abushiri huku Pwani. Hakutegemea watu wa Pwani. Alikwenda kuchukua Wasudani kule Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Hesabu yake haikuwa ngumu: asiye na shangazi Pangani hana wa kumwonea huruma Pangani. Abushiri alinyongwa Desemba mwaka huohuo. Baadaye ndiyo ikawa ile nchi ya "hamsa ishirini", viboko ishirini na tano, na anayechapa ni askari mweusi. Mwanakijiji alimwona Mjerumani mara mojamoja, askari alimwona kila siku. Chuki ikajua pa kwenda.

Waingereza wakaja, wakaanzisha polisi wao 1919 hapahapa Dar, na mambo yakawa yaleyale: bunduki, kota, kwata.

#5 Nyaraka Zetu

Masahihisho kidogo kwa #4. Tarehe ni 25 Agosti 1919, lakini makao makuu ya kwanza yalikuwa Lushoto. Mengine naunga mkono, na naongeza hili.

Waingereza walikuwa na polisi wa aina mbili. Wale wa London, alioanzisha Robert Peel 1829, walivaa bluu makusudi wasifanane na wanajeshi, na hawakutembea na bunduki. Wale wa Ireland walikuwa na bunduki, wanakaa kambini, kazi yao ya kwanza ni kuhakikisha wenye nchi hawaasi. Makoloni tuliletewa wa Ireland.

Hata jiji lilichorwa hivyo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili Kariakoo isigusane na Uhindini. Leo unapita pale unakwenda kununua viatu, hujui kama unavuka mpaka.

#6 Mnyama Mkali

Mipaka iliyobaki mjini ni Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga tu. Hiyo haijafutwa na Uhuru wala Azimio.

#7 Wa Jangwani

Jangwani ndiko makombe yanakolala. Endeleeni na mada.

#8 Afande Mstaafu

Nawasalimu wote. Nimestaafu, naweza kusema.

Habari za Wissmann depo hatukufundishwa. Moshi tulifundishwa kwata, sheria, silaha, na kwamba wa kukuokoa ni mwenzako. Vingine vinasahaulika, hilo la mwisho linabaki.

Nyie mnaona gwanda. Sisi tunahesabu. Julai 2015, Stakishari, Ukonga: askari wanne wameuliwa kituoni na raia pamoja nao, bunduki zimebebwa. Agosti 2016, Mbande: wanne. Aprili 2017, Kibiti: wanane kwa mpigo. Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mchana kweupe: watatu, na mlinzi wa kampuni binafsi.

Baada ya Stakishari nilikuwa napangwa kaunta zamu za usiku. Mtu akiingia na koti, kabla ya karibu, macho yako mikononi mwake. Usiku mmoja mama alikuja kuripoti mtoto kapotea. Akaingiza mkono kwenye mkoba ghafla, mwenzangu akamfokea mpaka mama wa watu akakaa chini sakafuni. Alikuwa anatoa picha ya mtoto. Yule mama mpaka leo akisikia polisi anakumbuka ile sauti, na mwenzangu mpaka leo anakumbuka ule mkono.

Na hiyo ya kwamba tunakula maisha, mmh. Mimi nimelea watoto kwenye kota ambayo familia mbili tumegawana kwa pazia la kanga.

#9 Mtoto wa Keko

Pole afande, kwa kweli. Ila dogo wa boda wa Tabata hakuua mtu Kibiti. Kwa nini alipe deni la wengine?

#10 Binti Kigamboni

Hapo #9 umegusa penyewe, ila geuza na upande wa pili. Mimi trafiki mmoja alinila elfu tano pale kwenye foleni ya pantoni, na tangu siku hiyo nikiona nguo nyeupe yoyote damu inachemka. Trafiki wangapi sijawahi hata kuongea nao? Wote nimeshawahukumu.

#11 Msomi wa Survey

Muacheni Mjerumani apumzike kidogo. Kuna mtu anaitwa Henri Tajfel, alikuwa Bristol, Uingereza. Matokeo yake yalichapishwa 1971. Alichukua wavulana wa shule, akawaonesha michoro ya wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha akawaambia wewe umependa wa huyu, wewe wa yule. Kumbe aliwagawa kwa bahati nasibu tu. Hawakuonana kama makundi, hawakugombana, hawakuwa na historia yoyote. Akawapa kazi ya kugawa pesa kati ya makundi. Wengi wakapendelea kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ilimradi lile lingine lipate pungufu zaidi.

Sasa kama mchoro tu unafanya hivyo, gwanda, kiapo, kota na bunduki vitafanya nini? Kwa hiyo swali la "nani alianza" naliona halina kazi.

#12 Mkongwe wa Ilala

Msomi, wavulana wa Bristol hawakuwa na mamlaka ya kumlaza mwenzao lokapu Ijumaa jioni. Tofauti ndiyo hiyo. Makundi mawili yenye nguvu sawa ni Simba na Yanga. Moja likiwa na pingu, hayo ni mambo mengine.

#13 Mama Chapati Buguruni

Mmewasema polisi weee. Mimi niwaseme nyie.

Mpwa wangu ni fundi simu Kariakoo. Usiku anakimbilia gari la mwisho la Gongo la Mboto, mkononi ana simu mbili za wateja. Mtu nyuma akapiga kelele "mwizi!" Mpaka leo hatujui ni nani, wala kama alikuwa anatania. Hatua ishirini hazikufika, yuko chini. Waliompiga hawakuwa wamepotelewa na chochote. Mwuza mahindi alimpiga. Mtu aliyekuwa anasubiri gari lilelile alimpiga. Kuna aliyeshaanza kuulizia petroli.

Aliyemtoa ni polisi mmoja, alipiga risasi hewani akamlalia juu, na yeye akala jiwe la bega. Kisha hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwanza, lakini hiyo ni stori nyingine.

Magazeti yanaandika "wananchi wenye hasira kali" halafu basi, imeisha. Hakuna anayetafutwa. Dakika ile mpwa wangu hakuwa jirani wala mtoto wa mtu. Alikuwa "wao". Na boda hivyohivyo: mwenye gari akigongana na boda, wanajaa hamsini, hakuna anayeuliza nani alikuwa na makosa.

#14 Kijiko cha Chai

Karanga zimeisha, nimehamia kwenye mihogo. Pole mama, amepona?

#15 Mama Chapati Buguruni

Amepona, asante. Sikio la kushoto halisikii vizuri. Sasa hivi hakimbilii gari hata likiwa la mwisho.

#16 Wakili wa Kona

Mama Chapati ameonesha kundi la watu linavyofanya. Dola ikifanya hivyohivyo ni hatari zaidi, na mfano uko hapahapa. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi walikamatwa Sinza. Taarifa ya kwanza ikasema ni majambazi wameuawa kwenye mapambano na polisi. Mji ulikuwa umechoshwa na ujambazi, watu wakapumua. Ikaja kujulikana walipigwa risasi msitu wa Pande, wala hapakuwa na mapambano. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Mahakama Kuu 2009 iliwaachia washtakiwa wote, Mahakama ya Rufani 2016 ikamtia hatiani askari mmoja.

Angalieni jambo moja. Siku za mwanzo hakuna aliyeuliza maswali mengi, kwa sababu jina lilishatolewa: majambazi. Ndugu zao ndio waliokataa kunyamaza.

#17 Teksi Bubu

Na Septemba 2022 panya road, yale magenge ya vijana wa mapanga, walipovamia Kawe, wakaua binti wa watu, baada ya siku chache tukasikia washukiwa kadhaa wameuawa na polisi. Nakumbuka kijiweni kwetu watu walipiga makofi. Nani aliuliza kama mahakama zimefungwa? Mimi mwenyewe nyumba yangu ilishavunjwa mara mbili, na kusema kweli sikuwaonea huruma. Nasema kama ilivyo.

#18 Binti Kigamboni

Teksi Bubu ndiyo raia tunayemzungumzia. Tunataka polisi mkali kwa "wale", mpole kwa "sisi". Tatizo kwenye difenda la polisi hakuna kiti kilichoandikwa sisi.

#19 Mjukuu wa Nguvu Kazi

Naongeza ya nyumbani. 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, jiji likagawanywa: wafanyakazi huku, wazururaji kule. Babu yangu alikuwa anauza kahawa Magomeni, birika na vikombe vyake. Siku hiyo kitambulisho kilibaki kwenye suruali nyingine. Akapakiwa kwenye lori, akajikuta kijiji ambacho hana ndugu hata mmoja, anakabidhiwa jembe. Alirudi kwa kudandia magari ya mkaa. Hadi anakufa akiona lori la serikali limepunguza mwendo alikuwa anaingia ndani.

Sheria imepita, mchezo umebaki. Mgambo na machinga wanafanya nini? Desemba 2018 machinga walipewa vitambulisho vya elfu ishirini wakaambiwa wasiguswe, 2021 wakaondolewa barabarani. Mtu huyohuyo, karai lilelile la machungwa.

#20 Mpwani wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu. Niwaambie ya huku. Sisi katiba ya 2010 iliwaundia polisi utaratibu mpya, 2011 sheria ikaunda IPOA, chombo cha raia cha kuwachunguza. Nguo wakabadilishiwa pia. Juni 2024 vijana wakapigwa risasi Nairobi mbele ya kamera. Kwa hivyo mkisikia mtu anaahidi mageuzi kwa karatasi pekee, mulizeni maswali. Lakini IPOA tusiidharau, kuna askari wamefungwa kwa kazi yake.

#21 Nyaraka Zetu

Mpwani, asante. Kuna palipobadilika zaidi ya karatasi. Ireland Kaskazini polisi walikuwa takriban asilimia 8 tu Wakatoliki, wakati Wakatoliki walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya watu. Ripoti ya Patten ikatoka 1999, 2001 polisi wakaundwa upya, na kwa miaka kumi nusu ya kuruta wapya ilibidi wawe Wakatoliki. 2011 walikuwa wameshafika kama asilimia 30. Haikuleta pepo, ila mama Mkatoliki angalau akawa na mpwa wake kituoni.

#22 Mtoto wa Keko

Hiyo kwetu haifanyi kazi. Polisi wetu wametoka makabila yote, dini zote. Huyo wa Tabata ana mpwa, ana jirani, ana mpaka deni dukani kwa Mangi. Na bado.

#23 Kadeti 64

Mnasahau jambo kubwa. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, ndiyo Lugalo ya leo. Mwalimu alivunja lile jeshi la kikoloni lote, JWTZ ikaundwa upya Septemba mwaka huohuo na vijana wapya. Polisi hawakuvunjwa. Wakaendelea na faili zilezile, vituo vilevile. Ndiyo maana mwanajeshi akipanda daladala anapishwa kiti, polisi anapigwa mafumbo.

#24 Teksi Bubu

Kadeti, mwanajeshi anapishwa kiti kwa sababu hakuchomolei ufunguo Mwenge. Mpe JWTZ kazi ya kukamata mishikaki (boda iliyopakia abiria zaidi ya mmoja) na kuzuia mikutano kwa mwaka mmoja halafu tuonane. Ukiona mtu haonekani mtaani ni rahisi kumpenda.

#25 Mwalimu wa Zamu

Wadau, kama alivyosema Sir Robert Peel: "polisi ni wananchi na wananchi ni polisi." Tungefuata hilo tu.

#26 Nyaraka Zetu

Maneno mazuri, lakini hakuna andiko la Peel lenye kanuni hizo ambalo wanahistoria wamelipata. Orodha inayosambaa ni ya karne ya 20. Na huyohuyo Peel ndiye aliyeanzisha polisi wa Ireland 1814, kabla ya London.

#27 Mwalimu wa Zamu

Sawa, toeni jina libaki neno.

#28 Afande Mstaafu

Mwalimu, neno hilo tulilijaribu. 2006 mkuu wa polisi, IGP Said Mwema, alileta Polisi Jamii. Nilikuwemo. Mwanzo tulikwenda mitaani, tukakaa na vijana kwenye kahawa, ulinzi shirikishi ukaundwa, na sehemu nyingine wizi ulipungua kabisa. Kilichotuua ni vitu viwili. Cha kwanza hamisha hamisha: ukishajua mtaa, ukishajua mama gani muuza gongo na kijana gani msema kweli, barua ya uhamisho imefika. Cha pili, ikifika kipindi cha uchaguzi, yuleyule kijana uliyekunywa naye kahawa unaamriwa ukamtawanye kwa bomu la machozi. Kesho utakaa naye wapi?

#29 Binti Kigamboni

Na Februari 2018 risasi ya kutawanya watu ikampata Akwilina, mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji NIT, yuko ndani ya daladala Kinondoni. Hakuwa kwenye maandamano. Baba yangu, mwana-CCM wa kadi tangu ujana, siku ile ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akisema "hawa polisi" badala ya "polisi wetu".

#30 Mnyama Mkali

Uzi umekuwa mzito. Mleta uzi, nauliza: mchango wa LUKU huyo jamaa analipa au halipi?

#31 Mpangaji wa Tabata

Analipa kupitia mkewe, kimyakimya. Nasoma wote wakuu, nimejifunza mengi, ila naona mmenichanganya zaidi.

#32 Msomi wa Survey

Nikuchanganye tena. 1954 kule Oklahoma, Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana kambini, akawagawa timu mbili, akawashindanisha. Siku chache wakawa wanachomeana bendera. Alijaribu kuwakalisha pamoja, wale na kutazama sinema, wapi, wakarushiana chakula. Kilichosaidia ni kuwapa shida ambayo timu moja haiwezi kuitatua: maji yamekatika, lori limezima.

Hapa Dar tuliona 16 Novemba 2024 jengo lilipoanguka Kariakoo. Machinga, polisi, Zimamoto, wanajeshi, wapiga debe, wanapokezana ndoo za kifusi. Nilikuwepo siku ya kwanza. Kuna polisi alivua shati la gwanda akamfunika mtu aliyetolewa, na kijana wa mtaani akampa yeye maji ya kunywa kwa chupa aliyokuwa anainywa mwenyewe.

#33 Mtoto wa Keko

Nilikuwepo pia. Na wiki hazikupita nyingi kila mtu alikuwa kwenye kona yake. Tusubiri majengo yaanguke ndiyo tupendane?

#34 Kadeti 64

Shida za pamoja tunazo, hatuzioni tu. Mishahara ya polisi wa chini, makazi, usalama wa boda usiku. Boda wanaouawa na abiria usiku, nani anawafuatilia kama si polisi? Ila kijiwe hakiamini kituo, na kituo hakiamini kijiwe. Muuaji anafaidi.

#35 Konda Mstaafu wa Mbagala

Wakili wa Kona, samahani natoka nje kidogo ya mada. Wiki hii walikuja usiku kwa kijana wangu, wakachukua simu na laptopu, hawakuacha karatasi. Kijana wamelala naye, kesho yake wakamwachia, vitu vimebaki. Nifanyeje?

#36 Wakili wa Kona

Pole mzee wangu. Wakichukua kitu sheria inataka hati ya kukamata mali, wao wasaini, mwenye mali asaini na mashahidi wasaini. Kumshikilia, ndani ya saa 24 wawe wamemwachia au wamempeleka mahakamani, isipokuwa makosa makubwa. Dhamana hailipiwi hata senti. Nenda mchana, usiende peke yako, muone mkuu wa kituo kwa upole, ueleze vitu gani na saa ngapi. Kwenye upekuzi kawaida huwa wanamwita mjumbe ashuhudie, kwa hiyo anza na mjumbe wako, awe shahidi.

#37 Konda Mstaafu wa Mbagala

Asante sana mwanangu. Ila mjumbe ndiye aliyewaleta, na ndiye aliyewaonesha dirisha la kijana. Hapo inakuwaje?